Josepha wa Heru Juu, Aliyepinda Mashina Bila Kuyavunja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliye jikoni, sogeza sufuria pembeni kidogo. Uliye shambani na redio yako umeitundika kwenye mti wa mhogo, kaa chini, jembe halitakimbia. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Heru Juu, hapa Kasulu. Jina lake Josepha Ntirampeba. Alikuwa mpambaji wa maua. Alifariki dunia mwezi wa tisa, mwaka huu wa 2015, akiwa na miaka hamsini na minne.

Kwa aliyewasha redio sasa hivi, tunarudia. Tunamkumbuka Josepha Ntirampeba, mpambaji wa maua wa Heru Juu.

Wengi wenu mmepita chini ya kazi ya mikono yake bila kumjua. Umekwenda harusini, ukaingia ukumbini kupitia tao la maua. Ukaona lili nyeupe, zile za mabondeni zenye ua mfano wa faneli, zimeinamisha shingo zote upande mmoja kama zinasikiliza kitu. Ukagusa shina. Bichi. Zima. Ukajiuliza wamelipindaje lisikatike. Basi aliyelipinda ni huyu.

Kazi hiyo hakufundishwa darasani. Baba yake, mzee Ntirampeba, alikuwa msukaji wa vihenge vya kuhifadhia mahindi. Kihenge ni fito, na fito ni za kupinda. Mzee alizilaza mtoni siku mbili, akazipitisha juu ya moshi, ndipo akazizungusha. Josepha alikuwa akimshikia ncha ya pili. Alipokuwa binti wa miaka kumi na mitano akaombwa kusaidia kupamba kanisa kwa sikukuu ya Pasaka. Wenzake walichomeka maua kwenye makopo yakasimama wima kama askari. Yeye akachukua mabua ya matete na lili, akayafanyia kama baba yake alivyozifanyia fito. Tangu siku ile hakupumzishwa. Kila harusi, kila ubatizo, kila msiba, aliitwa Josepha.

Mwajabu, aliyefanya naye kazi miaka kumi na moja, alitueleza namna alivyokuwa akifanya. Mwajabu ana kibanda chake cha vitambaa vya mapambo pale Kasulu mjini. Wawili hawa, mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, walikuwa kama chanda na pete. Mwajabu alisema lili ikikatwa asubuhi na kutiwa majini moja kwa moja, shina lake huwa gumu kama tango, ukilipinda linapasuka. Josepha alizilaza kwanza kivulini, kwenye gunia kavu, mpaka zilegee kidogo. Halafu alisugua viganja vyake mpaka vipate joto. Akalishika shina kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kulipapasa kutoka chini kwenda juu, mara ishirini, mara thelathini, huku akilielekeza anakotaka liende. Akisikia linakaza, anaacha. Anachukua jingine. Anarudi kwa lile la kwanza baadaye. Yakishakubali, anayachomeka kwenye kipande cha mgomba, nayo yanakunywa maji humo na kukaa vilevile.

"Alikuwa akiniambia kwa Kiha, buhoro, buhoro," Mwajabu alisema. "Polepole. Mimi Kiha nimejifunza hapahapa, na neno la kwanza kulijua ni hilo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma hadi mwezi wa tatu mwaka 2012. Huo ndio mwezi maisha ya Josepha yalipogeuka.

Mume wake, Venanti, alikuwa mwashi. Mtu mkubwa, mwenye mabega, wa kubeba tofali sita za kuchoma kwa mkono mmoja. Siku hiyo alikuwa juu ya jukwaa la miti akijenga nyumba ya mwalimu mmoja. Mwiko ukamtoka mkononi. Akauangalia ulipoanguka, akataka kuinama auokote, mguu ukakataa. Mafundi wenzake walimteremsha akiwa hawezi kusema. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wote wa kulia.

Alikaa hospitali wiki tano. Aliporudi nyumbani, mguu ulikuwa haumbebi, maneno yanatoka moja moja, na mkono wa kulia umekunjamana kifuani, vidole vimefumbwa kama vimeshika sarafu.

Hospitalini walikutana na kijana mmoja mtaalamu wa viungo, anaitwa Isack, aliyehamishiwa huku kutoka Singida. Isack alimwelekeza Josepha kwamba mkono ule ukiachwa utakakamaa hivyohivyo mpaka kaburini. Unatakiwa kunyooshwa asubuhi na jioni, kila siku, kwa maji ya uvuguvugu. Akataka kumwonyesha namna. Isack anakumbuka mpaka leo kilichotokea.

"Huwa nawaambia ndugu wa wagonjwa, msiuvute mkono," alisema. "Wote wanauvuta. Wanaogopa, wana haraka. Mama huyu aliushika, akakaa nao kimya, akaanza kidole cha mwisho. Nikamuuliza, mama, wewe ni nesi? Akasema hapana, mimi napamba maua."

Ndivyo ilivyoanza, ikaenda miaka mitatu na nusu. Tuseme tena, maana ndiyo habari yenyewe: miaka mitatu na nusu.

Siku ya Josepha ilikuwa hivi. Anaamka jogoo wa kwanza. Anawasha moto, anabandika maji. Anamgeuza Venanti, na Venanti hakuwa mtu mwepesi. Anamfuta, anambadilisha shuka, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko kwa sababu akinywa haraka unampalia. Halafu mkono. Anautia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anaanza kidole cha mwisho, anakuja cha pete, cha kati. Hapo jua limeshatoka. Anateremka bondeni kukata matete na lili, anapanda nayo kichwani, na mlima wa kutoka lile bonde aliyewahi kuupanda anaujua. Kama kuna kazi mjini, anadaka bodaboda. Jioni anarudi, anabandika maji tena, na kuanza upya kidole cha mwisho.

Walikuwa na mtoto mmoja, Benedicto, dereva wa malori Tabora. Alikuwa akituma alichonacho na akija anapopata nafasi. Alitaka awachukue wazazi wote wawili. Josepha alimjibu kwamba Tabora ni kukavu, hakuna lili, na baba yake hawezi safari. Benedicto alisema hakujua kipi kilikuwa sababu kubwa, baba au lili. Alicheka kidogo aliposema hivyo.

Na kama hilo halikutosha, kazi nayo ikaanza kupungua. Mwaka 2013 maua ya plastiki yalijaa Kasulu. Mengi yalishushwa kwenye duka la Mzee Nurudini, mfanyabiashara ambaye ukoo wake asili yake ni Tanga. Maua yale hayanyauki. Yanafutwa vumbi na kutumika harusi kumi. Shina lake lina waya ndani, mtoto wa miaka mitano analipinda anavyotaka. Watu wakaona kuna haja gani ya kumsubiri Josepha apapase bua moja robo saa. Harusi nane za mwezi zikawa tatu, tatu zikawa moja. Lililobaki ni kanisa la Heru Juu, ambalo alilipamba kila Jumamosi, halafu anakwenda kuchota maji ya kumwogesha Venanti.

Mwajabu alimshauri aache. Alimwambia mama, umechoka, uso wako umekuwa kama wa mtu anayetoka safari. Josepha alijibu kwamba akiacha maua atabaki na vitu viwili tu, jiko na kitanda cha mgonjwa.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunakwenda Kibondo.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2014. Mzee Nurudini, yuleyule mwenye duka la maua ya plastiki, alipanda mwenyewe mpaka Heru Juu. Binti yake, Shadia, alikuwa anaolewa Kibondo, na sherehe ilikuwa ifanyike huko kwa upande wa mume. Binti amekataa katakata maua ya dukani kwa baba yake. Anataka tao la maua mabichi, na anamtaka Josepha.

"Dada Josepha," Nurudini alimwambia, "mimi nimekuharibia soko, najua. Lakini mtoto huyu ni mmoja. Usiniadhibu kupitia yeye."

Josepha alimwambia hana cha kumwadhibu. Ana mgonjwa tu.

Akaenda kumwomba wifi yake, Asnath, dada wa Venanti, anayeishi Titye. Asnath akakubali kuja kukaa na kaka yake siku mbili. Lakini alikubali kwa shingo upande, akauliza kama kweli kuna ulazima. Josepha akamwonyesha kila kitu: maji yawe ya joto gani, mto uwekwe wapi, kidole gani kinaanza.

Ijumaa alfajiri waliondoka, Josepha na Mwajabu, kwenye pikapu ya Nurudini. Nyuma walipakia lili mia moja na ishirini, mabua ya matete, chane za mianzi zilizolowekwa siku tatu, na vipande vya mgomba, vyote vimefunikwa magunia mabichi. Barabara ya Kibondo mnaijua wenyewe. Kiangazi kile vumbi lilikuwa la kufika magotini. Walipopita Makere, gari likazima. Dereva akafungua boneti, akaingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena. Walikaa pale saa nne juani. Maji waliyobeba ya kunyunyizia magunia yakaisha. Josepha akanyunyizia maji yake ya kunywa.

Walifika Kibondo jioni. Mwajabu alifunua gunia akalifunika tena upesi. Lili zilikuwa zimelala kama mboga iliyosahauliwa sokoni. Kulegea alikokutaka Josepha ni kwa nusu siku kivulini, na hizi zilikuwa zimepigwa jua. Shangazi wa bibi harusi, Bi Asmahani, alisimama mlangoni akasema kwa upole kwamba wao walishakuja na boksi mbili za maua ya dukani, endapo litatokea la kutokea. Shadia mwenyewe aliinama akaziangalia.

Josepha aliomba chumba chenye giza na ndoo za maji baridi. Akakata ncha za mashina yote mia moja na ishirini, moja moja, akayazamisha mpaka shingoni, akafunga mlango. Halafu akalala palepale mbele ya mlango, juu ya mkeka. Mwajabu anasema alilala kabla hajamaliza kunyoosha miguu.

Jumamosi kulipopambazuka walifungua. Lili themanini zilikuwa zimeinua vichwa. Arobaini zilikuwa zimekufa. Josepha akahesabu kwa macho, akasema tao litakuwa jembamba kidogo, basi.

Walianza kazi. Chane za mianzi zikapindwa juu ya jiko la mkaa, zikafungwa kwa kamba za mgomba, umbo la tao likasimama. Matete yakazungushwa. Kisha lili. Ilipofika saa nne asubuhi walikuwa wameshapinda na kuchomeka kama nusu. Simu ya Mwajabu ikaita. Ni Asnath, anamtaka wifi yake.

Asnath alikuwa analia. Venanti ameanguka kitandani. Amepiga kichwa kwenye ukingo wa sanduku, damu inatoka, majirani wamekwenda kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Njoo.

Josepha alikuwa na shina mkononi. Likakatika. Mwajabu anasema katika miaka kumi na moja hakuwahi kumwona akivunja shina, na lile lilitoa sauti kama kijiti kikavu.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nurudini aliposikia alikuja mbio. Akamwambia gari liko tayari, limetengenezwa, aende sasa hivi. Maua yataachwa hapo yalipofikia, nusu iliyobaki watajazia ya dukani. Hakuna atakayemlaumu. Shadia naye alikuja, na hina mikononi, akamshika bega, akamwambia mama nenda.

Josepha akainuka. Akavua aproni. Halafu akaichukua simu tena, akampigia Asnath, akamwomba amwekee Venanti simu sikioni. Alimwambia mumewe yuko wapi na anafanya nini. Alimwambia gari lipo. Akamuuliza aje sasa au amalize.

Venanti, mnakumbuka, maneno yake yalikuwa yanatoka moja moja. Mwajabu alikuwa amesimama karibu, alisikia mtu anahema kwenye simu kwa muda mrefu. Kisha neno moja.

"Maliza."

Josepha akavaa aproni. Alifanya kazi saa tatu nyingine bila kusema na mtu. Saa saba mchana tao lilikuwa limesimama, jembamba kidogo kama alivyosema, lili zote zimeinamia ndani, anakopita bibi harusi. Walioliona wanasema watu walikuwa wanapita chini yake na kupunguza sauti bila kuambiwa. Yeye hakusubiri. Hakula pilau. Alipanda gari akiwa na majani bado kwenye nywele.

Alimkuta Venanti nyumbani, ameshonwa nyuzi tano juu ya sikio. Asnath alikuwa mlangoni. Sasa hivi Asnath mwenyewe ametuomba tuyaseme maneno aliyoyasema siku ile, tusiyafiche.

"Nilimwambia, wifi, maua ya watu yana thamani kuliko mume wako?"

 Josepha alipita, akabandika maji. Akauchukua mkono wa Venanti akaanza kidole cha mwisho. Asnath akafunga kanga yake akarudi Titye, na ukapita mwaka mzima na zaidi asikanyage Heru Juu. Alikuwa akipiga simu tu, kumjulia hali kaka yake.

Neno lile lilimkaa Josepha. Majirani nao walilichukua, unajua watu. Kisimani wakawa wanalipunguza wanapomwona, wakaliongeza akishapita. Hakulijibu kwa yeyote. Ni mara moja tu, wiki kadhaa baadaye, walipokuwa bondeni na Mwajabu wakikata matete, alipolitolea maelezo bila kuulizwa.

"Alisema maliza, ni kweli," Josepha alimwambia. "Lakini hata asingesema, sijui. Mwajabu, zile saa tatu hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniambia nigeuze, nichue, nisafishe. Nilikuwa na mashina yangu tu. Nilipumzika pale kuliko nilivyopumzika tangu augue. Na hilo ndilo linaloniuma."

 Mwajabu alimsaidia kujitwisha mzigo, wakapanda mlima.

Wasikilizaji wapendwa, mkono wa Venanti ulifunguka. Msidhani haukufunguka. Mwishoni mwa mwaka 2014 aliweza kushika kikombe cha bati kwa mkono wa kulia, akakipeleka mdomoni mwenyewe. Isack anasema katika kazi yake hajaona wengi. Mguu haukurudi, na maneno yalirudi nusu. Lakini kikombe alishika.

Huku Venanti anafunguka, Josepha alikuwa anadhoofika. Hakumwambia mtu. Mwaka huu wa 2015, mwezi wa tano, wakati barabara ya Makere imejaa magari yanayopeleka ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi kambini, alipata kizunguzungu bondeni akakaa kwenye tope mpaka kikapita. Mwezi wa saba alimpeleka Venanti kliniki. Isack akamwangalia usoni, hakuupenda. Akampima presha. Ilikuwa juu mno. Akamwambia alazwe siku hiyohiyo.

"Aliniuliza swali moja," Isack alisema. "Nikilala mimi, nani atamgeuza?"

 Isack alimpatia dawa, akamwandikia tarehe ya kurudi. Dawa alizimeza alipokumbuka. Tarehe ile ilikuwa Jumamosi, siku ya maua ya kanisa. Hakwenda.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa aliamka kama kawaida. Maji, shuka, uji, mkono. Akateremka bondeni, akapanda na mzigo wa matete, akafika kwenye kijiwe cha bodaboda. Akautua mzigo. Akakaa juu yake. Vijana wa bodaboda walimwita, mama, twende? Akawaambia ngoja kidogo. Walipomwita mara ya pili alikuwa anaelekea kuanguka. Walimbeba katikati ya wawili kwenye pikipiki moja, wakamfikisha hospitali Kasulu. Vijana wale tunawashukuru hapa hadharani.

Asnath alipigiwa simu Titye. Safari hii hakuuliza kama kuna ulazima. Alikwenda moja kwa moja Heru Juu kwa kaka yake, Mwajabu akaenda hospitalini.

Josepha alilazwa siku tatu. Kwa siku hizo tatu alilala usingizi. Isack alikuwa akipita wodini kila akipata nafasi. Anasema Ijumaa jioni alifumbua macho, akauliza neno moja tu: nani yuko na Venanti. Mwajabu akamwambia Asnath amekuja, maji ameshabandika, ameanza kidole cha mwisho.

"Akaniangalia kama haamini," Mwajabu alisema. "Kisha akasema, basi acha nilale. Kitanda hiki kizuri. Msiniamshe."

Hawakumwamsha. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, Josepha Ntirampeba akafariki dunia.

Alizikwa Heru Juu siku ya Jumanne, kando ya baba yake. Benedicto alifika usiku wa kuamkia mazishi. Mzee Nurudini alifunga duka, akaja na Shadia aliyembeba mtoto mchanga mgongoni. Watu walijaa. Na kuna jambo ambalo lazima tuliseme, ingawa linaumiza. Siku ile, juu ya kaburi la Josepha, mashada yote yalikuwa ya plastiki. Mwajabu alikuwa ameteremka bondeni alfajiri, akakata lili, akazilaza kivulini kama alivyoona zikilazwa miaka kumi na moja. Akaanza kuzipinda. Akavunja ya kwanza, akavunja ya pili. Akaziacha. Waliohudhuria wanasema hakuna aliyeuliza maua mabichi yako wapi.

Venanti alihamia Titye kwa dada yake. Wiki mbili za kwanza alikataa mkono wake usiguswe. Alikuwa akiuficha chini ya blanketi. Asnath hakumlazimisha. Kila asubuhi alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaliweka karibu na kitanda, akakaa. Maji yakipoa, anayamwaga. Siku ya kumi na tano Venanti akautoa mkono mwenyewe.

Tulikwenda Titye wiki iliyopita, mvua zikiwa zimeshaanza. Asnath alitupokea mikono ikiwa na maji. Ni mama wa miaka hamsini na minane, mwenye afya. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kila alipotaka kukaa, sauti ilimwita kutoka ndani. Mara mto. Mara kiu. Mara kugeuzwa. Alikwenda, akarudi, akasahau alikuwa anasema nini. Mwishowe alikaa kwenye kizingiti, kati yetu na chumba cha kaka yake, akasema maneno haya, nasi tunayaleta kwenu kama alivyoyasema.

"Ni mwezi wa pili tu huu, nimechoka mpaka mifupa. Yeye alikwenda miaka mitatu na nusu. Nilikuwa napiga simu kila wiki. Kila wiki nilimuuliza, Venanti anaendeleaje? Na yeye alinijibu, anaendelea vizuri. Miaka yote hiyo sikumuuliza, na wewe, wifi, umeamkaje?"

Kwa niaba ya kituo chetu na wote wanaotusikiliza, kutoka Kasulu hadi Kibondo, kutoka Titye hadi Nyabibuye kule mpakani, tunatoa pole kwa Mzee Venanti. Tunatoa pole kwa Benedicto, huko barabarani aliko. Kwa Mama Asnath, aliyebeba alichokiacha mwenzake. Kwa Mwajabu, kwa waumini wa kanisa la Heru Juu, na kwa familia ya Mzee Nurudini. Mungu amlaze Josepha Ntirampeba mahali pema, na ampe usingizi ule alioutaka, usio na mtu wa kuukatiza.

Wasikilizaji wapendwa, karibu kila kijiji chetu kina nyumba yenye mtu aliyelala kitandani muda mrefu. Mnaijua. Mnapeleka ndizi, mnapeleka sabuni, mnakaa kwenye benchi na kumpa pole mgonjwa, na mnafanya vema. Lakini kesho mkienda, mtazameni pia yule anayewafungulia mlango. Mwambieni akalale, hata kwa saa mbili. Beseni mtalishika ninyi.